Jioni ya Gala Melini: Uvae Nini, Ubebe Nini

Ukishalipia safari ya meli ya kitalii, iwe inaondokea Durban, Dubai, Southampton au Miami, utatumiwa karatasi zenye mambo mengi: saa ya kupanda, namba ya chumba, bima, viza. Katikati yake kuna mstari ambao wengi huupita haraka na kuukumbuka siku mbili kabla ya kuondoka: kwamba jioni fulani za safari ni rasmi, na abiria wanaombwa wavae inavyostahili. Hapo ndipo simu huanza kupigwa. Nikodi suti? Ninunue tuksedo? Kitenge kitakubalika? Mume wangu havai tai, je, tutazuiwa mlangoni?

Usinunue kitu bado. Nguo unayoihitaji huenda iko kabatini, na kama haipo, fundi cherehani wa mtaani kwako anaweza kuitoa kwa wiki mbili. Anayejua kuvaa kwenda harusini Tanga, Kampala au Lubumbashi anajua tayari sehemu kubwa ya kinachotakiwa melini. Yaliyobaki ni mawili: kujua meli yako inataka nini hasa, na kuifikisha nguo hiyo mezani ikiwa imenyooka.

Isome sheria ya meli yako

Kampuni za meli hazifanani katika jambo hili, na ushauri wa shangazi aliyesafiri na kampuni nyingine unaweza kukupoteza.

Kati ya kampuni kubwa, Cunard ya Uingereza ndiyo iliyoishikilia mila hii kwa nguvu zaidi. Meli yake maarufu, Queen Mary 2, iliyoanza safari Januari 2004, huvuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, kwa kawaida kwa siku saba, na katika jioni hizo saba mbili huwa za gala. Wanaume huombwa wavae tuksedo, au suti ya rangi nzito pamoja na tai. Wanawake huvaa gauni refu la jioni, gauni fupi la sherehe, suti nadhifu ya suruali, au sketi na blauzi za hadhi hiyo. Sheria huanza saa 12 jioni. Mara nyingi jioni hizo hupewa mada: nyeusi na nyeupe, nyekundu na dhahabu, au barakoa za sherehe. Asiyetaka kujipamba hafungiwi chumbani. Anaweza kula kwenye bufee ya Kings Court au kukaa kwenye baa ya Golden Lion. Ila mkahawa mkuu wa Britannia na ukumbi wa dansi wa Queens Room, usiku huo, ni wa waliovaa.

Carnival ya Marekani imelegeza zaidi. Safari ya siku mbili hadi tano ina jioni moja ya kuvaa vizuri, ya siku sita na kuendelea ina mbili, na suruali ya kitambaa na shati lenye kola vinatosha kabisa. Wanachokataa kwenye mkahawa mkuu ni kaptula, fulana, kandambili, kofia za besiboli na nguo za michezo. Royal Caribbean nayo ina jioni rasmi, lakini mlangoni haina ukali wa Cunard. Celebrity iliachana na urasmi wa zamani mwaka 2015, ikabaki kuwaomba watu wapendeze bila kulazimisha tai. Norwegian tangu 2000 inauza safari za kuvaa upendavyo. Viking haina jioni rasmi kabisa. Virgin Voyages haina sheria ya mavazi, ila ina usiku mmoja ambao karibu kila abiria huvaa nyekundu, na asiyebeba nguo nyekundu hujiona mpweke.

MSC, ambayo wasomaji wetu wengi hukutana nayo Durban wakati wa kiangazi cha kusini au kwenye Ghuba miezi ya baridi, huwa na jioni za gala, na mara nyingi huongeza usiku wa kuvaa nyeupe.

Kwa hiyo mwandikie wakala wako barua pepe na umuulize mambo matatu tu: jioni rasmi ni ngapi, zina mada gani, na je, vazi rasmi la kitaifa linakubalika? Uliza kwa maandishi ili jibu lake uwe nalo kwenye simu utakapofika mlangoni. Tarehe kamili utaziona kwenye ratiba ya kila siku ndani ya meli, lakini unaweza kukisia mapema. Jioni rasmi hupendelewa kuwekwa siku ambayo meli iko baharini mchana kutwa, watu wana nafasi ya kuoga na kujipamba. Jioni ya kwanza huwa si rasmi kwa sababu mabegi bado yanagawiwa vyumbani, na ya mwisho vilevile kwa sababu mabegi yanakusanywa. Desturi hiyo imerithiwa kutoka kwa meli za abiria za zamani zilizovuka Atlantiki, na sababu yake bado ni ileile.

Kanzu, abaya na kitenge

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo watu wetu wanapojidharau bila sababu.

Tuksedo haikuzaliwa ikiwa vazi la heshima kubwa. Mwaka 1865 washonaji wa Henry Poole, wa mtaa wa Savile Row, London, walimshonea mrithi wa kiti cha Uingereza, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, koti fupi la kulia chakula cha jioni nyumbani, mahali ambapo koti refu lenye mikia lilionekana kuwa zito mno. Lilikuwa vazi la kupumzikia. Miaka ya 1880 matajiri wa Tuxedo Park, karibu na New York, wakalichukua, na taratibu likapanda daraja mpaka likawa ndilo linalodaiwa mlangoni. Heshima yake ilitoka kwa watu waliolivaa na shughuli walizolivalia. Kanzu imevaliwa kwenye nikahi, maulidi, barza za masultani na sherehe za kitaifa kwa karne nyingi zaidi ya hapo. Cunard yenyewe inaeleza wazi kwamba vazi rasmi la kitaifa linakaribishwa jioni za gala, na Mskoti huingia na sketi yake ya mirabaraba bila kuulizwa. Nawe unaingia kwa mlango huohuo.

Ila vazi rasmi maana yake ni lile unalovaa siku ya shughuli. Kanzu ya kuendea msikitini Ijumaa yenye kola iliyochakaa haifai. Chagua kanzu nyeupe au ya maziwa, ya kitambaa kizito kiasi, yenye darizi ya hariri shingoni, na pindo lifike kwenye kifundo cha mguu. Itazame ukiwa umesimama mbele ya taa. Taa za ukumbi wa meli ni kali, na kanzu nyepesi huonyesha mstari wa kaptula ya ndani hadi kwa aliyeketi meza ya tatu. Vaa ndani suruali nyeupe ndefu na fulana nyeupe isiyo na maandishi. Juu yake weka koti la suti jeusi au la buluu iliyokoza, kama wafanyavyo Waganda na watu wa pwani, na utakuwa umekidhi sheria kwa namna ambayo hata mlinzi asiyejua kanzu ataitambua: ataona koti, ataona weupe, atakupisha. Mwenye joho lililotariziwa nyuzi za dhahabu, hii ndiyo siku yake.

Kofia huwasumbua wengi kwa sababu sheria za meli hukataza kofia mezani. Wanachokataza ni kofia za besiboli na za jua. Kofia ya kiua iliyoshonwa kwa mkono ni sehemu ya vazi, kama ilivyo kofia ya Muomani. Ukiulizwa, sema kwa upole kwamba ni vazi lako la taifa na kofia huvaliwa nalo. Huna haja ya kueleza zaidi. Viatuni kuwa mwangalifu. Makubadhi mazuri ya ngozi ndiyo yanayopatana na kanzu, lakini mtu wa mlangoni aliyeagizwa kuzuia ndala anaweza asione tofauti. Viatu vyeusi vya ngozi vya kufunika, visivyo na kamba, vinakuondolea mabishano.

Ikiwa mada ni nyeusi na nyeupe, kanzu na koti jeusi zimeimaliza kazi. Usiku wa nyeupe, vua koti tu.

Kwa wanawake wanaojisitiri, abaya nyeusi yenye darizi au shanga mikononi tayari ni gauni refu la jioni. Kinachoitofautisha na baibui la kila siku ni kitambaa kinachoanguka vizuri na ushungi uliochaguliwa kwa ajili yake, wa hariri au satini, rangi moja. Beba pini za ziada, kwa sababu upepo wa sitahani hauna huruma na mtandio. Dira haifai jioni ya Cunard hata ikiwa ya bei kubwa. Ni nguo ya starehe, na mkao wake unaonyesha hivyo.

Kitenge nacho kinaweza kuwa vazi zuri kupita yote ukumbini, au kikaonekana kama nguo ya sokoni, na tofauti iko mikononi mwa fundi. Mwambie kabla ya kukata aloweke kitambaa maji ya baridi usiku kucha na kukianika, kwa sababu pamba ya kitenge hurudi, na gauni lililokutosha mwezi wa tano likifuliwa linabana mwezi wa sita. Mwambie alinganishe maua kwenye mshono wa mgongoni, yaani ua lililokatwa kushoto likamilike kulia. Hili hula kitambaa zaidi, hivyo nunua nyongeza ya yadi moja na usimwachie nafasi ya kusema hakikutosha. Dai bitana kamili, si ya kifuani peke yake. Gauni lisilo na bitana hung'ang'ania miguu kwenye kiyoyozi na hupanda ukiketi. Chagua kitambaa chenye ardhi ya rangi nzito: buluu ya usiku, zambarau, kijani cha msituni, nyeusi. Mchoro mkubwa wa rangi tano utavutia macho kwanza kwenye kitambaa, wewe baadaye.

Wanandoa wanaopenda sare wasiache, ila wasivae wote kitenge kizima. Mke avae gauni, mume avae suti nyeusi, na tai yake au kitambaa cha mfukoni kikatwe kwenye mabaki ya gauni lile. Inapendeza, na picha zake mtazitundika.

Gomesi ya Uganda ina mabega yaliyosimama na mshipi mpana, na huhitaji nafasi: omba meza ambayo kiti chako hakitakuwa kwenye njia ya wahudumu. Mushanana wa Rwanda na imvutano ya Burundi ni vyepesi na vinakunjika kuwa kidogo begini, jambo ambalo gauni la sherehe haliwezi kujivunia. Vibane begani kwa pini imara.

Suti ya Kaunda ina ugumu wake. Kwetu ni vazi la viongozi, lakini haina tai, na sheria nyingi za gala zimejengwa juu ya tai. Hata nyumbani ina mabishano: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku katika Bunge la Kenya. Kwenye meli za Carnival au MSC ivae bila wasiwasi, ikiwa ya rangi nzito na mikono mirefu. Kwa Cunard pata kwanza jibu la maandishi, au weka begini shati jeupe na tai kwa tahadhari.

Ukichagua suti

Suti nyeusi, ya buluu iliyokoza au ya kijivu cha makaa inatosha karibu kila meli duniani, na si lazima iwe mpya. Masoko yetu ya mitumba, Gikomba na Kongowea, Karume ya Dar es Salaam, Owino ya Kampala, hupokea makoti ya sufu halisi kutoka Ulaya ambayo dukani yasingekamatika kwa bei. Ukiwa na subira hata tuksedo utaipata, utaijua kwa kola yake ya satini na ukanda wa satini ubavuni mwa suruali.

Likague koti hivi. Ligeuze ndani nje, utazame bitana ya kwapani, hapo ndipo jasho la mwenye koti wa kwanza lilipokula. Liinue kwenye jua uangalie matundu ya nondo. Kisha livae, simama ubavu kwa ukuta, na uegemee taratibu. Pedi ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa, liache. Mabega ndiyo sehemu ambayo fundi hawezi kuitengeneza bila kulibomoa koti zima. Kiuno atakibana, mikono ataifupisha, suruali ataikata. Mwambie mkono wa koti uishie pale ambapo shati litachungulia kama sentimita moja, na suruali iguse kiatu bila kujikunja juu yake kama pazia refu.

Ukivaa tuksedo, shati liwe jeupe, tai iwe ya kipepeo nyeusi, na usivae mkanda. Suruali yake hukaa kiunoni kwa vipimo au kwa suspenda. Tai ya kipepeo unayoifunga mwenyewe inapendeza kuliko iliyofungwa tayari, lakini kama hujawahi kuifunga, chumba cha melini nusu saa kabla ya chakula si mahali pa kujifunzia. Kwa suti ya kawaida tai ndefu inatosha. Mng'aro wa viatu unaonekana zaidi ya bei ya suti, basi piga rangi nyumbani na ubebe kitambaa cha kufutia.

Masapeur wa Kinshasa na Brazzaville, watu walioufanya uvaaji kuwa nidhamu, wana kanuni ya kutozidisha rangi tatu kwa wakati mmoja. Wana umaridadi mwingi wa kufundisha, na hiyo ndiyo kanuni ninayoiamini kuliko zote. Hesabu ukiwa mbele ya kioo, ukijumlisha viatu na pochi. Ukifika nne, ondoa moja.

Gauni, viatu na baridi

Gauni refu si sharti. Gauni la urefu wa goti, la kitambaa cha jioni kama satini, lesi au mahameli, linakubalika kila mahali, na mama anayependelea suruali avae suruali pana ya kitambaa laini na blauzi yenye mng'aro kidogo. Lijaribu gauni ukiwa umeketi, si umesimama tu. Utakaa mezani saa mbili. Kisha panda nalo ngazi za nyumbani bila kulishika. Ukilikanyaga, likatwe.

Viatu vya mchuchumio vina tatizo ambalo harusini halipo: sakafu inasogea. Meli kubwa zina mapezi ya kutuliza mawimbi, lakini Atlantiki ya Kaskazini hutikisa hata Queen Mary 2 yenye urefu wa mita 345. Kisigino chembamba hunasa pia kwenye mianya ya mbao za sitaha. Chukua kisigino kinene, cha sentimita tano au sita, na weka viatu bapa vinavyokunjika ndani ya pochi. Umbali kutoka chumbani hadi mkahawani ni mrefu kuliko unavyodhani, na baada ya chakula kuna onyesho, na baada ya onyesho kuna muziki.

Ndani ya meli ni baridi. Ukumbi wa maonyesho hupozwa sana hata meli ikiwa kwenye joto la Dubai. Shali moja nyeusi, nzito kiasi, itakaa na nguo zako zote na itakufaa kwenye ndege pia. Mapambo yasizidi: hereni au mkufu, kimoja kiseme. Dhahabu ya urithi iache nyumbani au iweke kwenye sefu ya chumba mchana kutwa.

Watoto wasiteswe. Shati lenye kola na suruali kwa mvulana, gauni la Idi au la Krismasi kwa msichana, na viatu vinavyowatosha.

Kuifikisha nguo ikiwa imenyooka

Pasi haziruhusiwi vyumbani, kwa sababu moto baharini ni hatari isiyo na pa kukimbilia. Ukiibeba itachukuliwa kwenye ukaguzi na utarudishiwa mwisho wa safari. Mashine nyingi za kunyooshea kwa mvuke nazo hukataliwa. Meli za Cunard zina vyumba vya kufulia vyenye pasi, na kampuni nyingi huchukua nguo kupiga pasi kwa malipo. Usisubiri mchana wa siku ya gala, maana nusu ya abiria watakuwa kwenye foleni hiyohiyo. Mpe mhudumu wa chumba nguo yako siku ya kwanza, umwambie unaitaka lini.

Ufungaji mzuri huokoa gharama hiyo. Chukua koti, ingiza mkono mmoja ndani ya bega la kushoto na uligeuze bega hilo ndani nje. La kulia liache lilivyo, kisha lichomeke ndani ya lile lililogeuzwa, kola ikiwa imesimama. Sasa bitana ndiyo iliyo nje na mabega yamekaa moja ndani ya jingine. Weka fulana laini iliyoviringishwa katikati, kunja koti mara moja kiunoni, na ulitie kwenye mfuko wa nailoni wa dobi. Nailoni huteleza, na nguo inayoteleza haishiki mikunjo. Gauni la satini liviringishe juu ya taulo, lisikunjwe.

Ukifika, tundika kila kitu kabla ya kwenda kula. Kabati ni dogo na henga ni chache, kwa hiyo beba zako mbili. Kuta za vyumba vingi ni za chuma, na ndoano za sumaku zenye nguvu hushika vizuri. Koti la sufu lenye mikunjo midogo litundike bafuni, fungua maji ya moto kwa dakika chache ukiwa umefunga mlango, kisha lilainishe kwa kiganja kutoka juu kwenda chini na uliache likauke usiku. Sufu na satini huitikia mvuke. Pamba haiitikii sana, hivyo kanzu ya pamba na kitenge vipeleke kwenye pasi moja kwa moja. Kanzu yenye mchanganyiko wa poliesta hukunjika kidogo, na kwa safari ninaipendelea ingawa nyumbani nisingeivaa.

Vazi moja kamili la gala, pamoja na viatu vyake, lisafiri nawe kwenye begi la mkononi ndani ya ndege. Begi likipotea kati ya Nairobi na London, shirika la ndege litakutafutia, lakini meli haitakusubiri, na begi linaweza kukufuata hadi bandari ya tatu. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya kupanda meli usiliweke vazi hilo kwenye mabegi unayowakabidhi wapagazi. Baadhi ya kampuni hukodisha tuksedo kwa kuagiza mapema, njia nzuri kwa mwenye begi dogo, ila tuma vipimo ulivyopimwa na fundi, usibahatishe kwa kumbukumbu.

Jioni yenyewe

Anza kuvaa mapema kuliko kawaida yako, kwa sababu bafu ni dogo na mko wawili. Kwenye korido na ngazi kuu utakuta wapiga picha wamesimamisha mapazia na taa. Kupigwa ni bure, unalipia picha utakazochagua kesho yake, na huna deni ukizikataa. Pigeni picha familia nzima kabla ya chakula, nguo zikiwa safi. Mara nyingi nahodha hutoa salamu kwa abiria na vinywaji hupitishwa. Asiyekunywa pombe aombe juisi au maji ya soda, havinyimwi. Leso ya mezani weka mapajani kwa upana wake wote ukiwa umevaa nyeupe. Mchuzi ukidondoka kwenye kanzu, gusa doa kwa kitambaa chenye maji ya baridi, usisugue na usitie maji ya moto, kisha mpe mhudumu usiku uleule.

Usiku wa mwisho utaombwa uweke mabegi nje ya mlango kabla ya kulala, na asubuhi utashuka na ulichokibakiza. Tenga kwanza nguo za asubuhi, chupi, viatu, dawa na pasi ya kusafiria juu ya kitanda, halafu ndipo ufunge suti, gauni na kanzu. Kila safari hakosekani mtu anayeshuka bandarini na suruali ya kulalia kwa sababu alifunga kila kitu.